Iko wapi r ya Waingereza?

SWALI: Mmarekani akisema car au hard, r naisikia wazi. Mtangazaji wa London haitamki. Nani aliyebadilisha, na mimi nifuate ipi?

JIBU: Aliyebadilisha ni Mwingereza. Walowezi Waingereza wa Jamestown, makazi yao ya huko Virginia, waliondoka kwao r ikiwa bado inatamkwa. Walifika Marekani mwaka 1607. Kufikia 1791, John Walker aliandika katika kamusi yake ya matamshi kwamba huko London r ya card inakaribia kuwa irabu iliyovutwa tu. Makoloni ya Australia, yaliyoanza 1788, yalipata watu wengi wa kusini-mashariki ya Uingereza, ndiyo maana nako haisikiki. Scotland na Ireland waliishikilia. Na si Wamarekani wote wanaoitamka: wazee wengi wa Boston huidondosha.

Kiswahili kilikopa kwa Waingereza, hivyo tuna baa, nesi, shati na sweta, zote bila r.

Ukifuata London, usiitamke mwishoni mwa neno na kabla ya konsonanti, lakini irudishe neno linalofuata likianza na irabu: far away hutamkwa na r. Wanafunzi wengi hukosea hapo, wakaacha pengo. Ukifuata Marekani, usiipige kama r ya “barabara”. Ulimi unyanyuke au ujikunje nyuma bila kugusa kaakaa. Yoyote kati ya hizo ni sahihi. Kuchanganya car ya London na hard ya Chicago katika sentensi moja ndiko kunakomchosha msikilizaji.