Umepangwa Kuwafundisha Mwaka wa Kwanza? Anzia Ulipokwama Wewe

Juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu, udaktari, kaniandikia: "Shikamoo dokta. Wenzangu wamenichagua niwe nawafundisha fesi yia anatomia jioni, na nimesikia enzi zako wewe ndiye ulikuwa unaaminiwa. Naanzia wapi?"

Marahaba. Na walichokwambia ni kweli, kwenye anatomia nilikuwa naaminiwa.

Vipindi hivi havipo kwenye ratiba yoyote. Asubuhi mhadhiri anashusha nondo kwa Kiingereza, mchana mnabanana kuzunguka meza ya maiti huku formalini inawatoa machozi, halafu usiku ndipo mnakuja kuelewa, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu aliyewatangulia miaka miwili. Mhadhiri ameijua anatomia muda mrefu mno, hakumbuki tena ilivyo kutokuijua. Wewe bado unakumbuka. Hapo tu ndipo unapomzidi, kwa hiyo usijifanye profesa.

Mimi nilikwama kwenye brakiali pleksasi, ule msuko wa neva unaotoka shingoni kwenda mkononi. Vitabuni unachorwa safi, kila neva na rangi yake. Ukifungua kwapa la maiti unakuta nyuzi zote ni za kijivu, zimeshikana na mafuta, na ateri imepita katikati. Nilikesha na mchoro wa kitabu mpaka nikawa nauchora nimefumba macho, na mezani bado sijui hii ni neva ya alna au ni nini. Aliyenivusha ni kaka mmoja wa mwaka wa nne, mtu wa maneno machache. Alinishika mkono akaniambia niache kuanzia shingoni. "Tafuta M kwanza."

Basi nami nilifundisha hivyohivyo. Mbele ya ateri ya kwapa kuna neva tatu zilizokaa umbo la M. Ya upande wa nje inatoboa msuli wa korakobrakialisi na kupotelea humo. Ukiiona inatoboa, umeipata muskulokutania. Ya katikati ni mediani, imeshikwa na mizizi miwili, mmoja huku na mmoja huku. Ya ndani ni alna. Ukishaipata M ndipo unarudi nyuma taratibu kuelekea shingoni, hadi kwenye mashina matatu na mizizi mitano inayotoka kwenye uti wa mgongo, C5 hadi T1. Ubaoni nilikuwa nachora mara moja tu, nafuta, kisha nampa chaki yule anayejificha nyuma. Akikosea, wenzake wanamsahihisha, mimi nakaa kimya. Kukaa kimya ni kazi ngumu kuliko kufundisha, niamini.

Wakubwa wengi hapo ndipo wanapoharibu. Wanakuja kutisha watu kwa hadithi za waliosapu, yaani waliorudia mitihani, na waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, wengine macho yote yako kwa mabinti wa fesi yia. Mtoto wa watu katoka kijijini, kijiji kizima kinamwita dokta tangu siku ya barua ya udahili, halafu wewe unamwambia nusu yao watarudi nyumbani. Inamsaidia nini? Mwonyeshe neva.

Shukrani usizisubiri. Michoro yangu niliyoipigia msuli likizo nzima niliikuta inauzwa kama desa, zile notsi za kunakili, kwenye steshenari nje ya geti, jina langu limekatwa juu kabisa, kona ya karatasi imebaki na alama ya mkasi. Na kijana niliyemkalisha hadi usiku wa manane akivuta mistari, matokeo yalipotoka aliwaambia watu kajisomea mwenyewe. Nilinyamaza. Sijasahau, lakini nilinyamaza, na jioni iliyofuata nilikwenda kufundisha.

Kwa hiyo fundisha ulipokwama. Kama ulikwama mkononi, anzia mkononi. Kama ni neva 12 za kichwa, anzia huko, mengine watasoma wenyewe. Na usiruhusu mtu atoe simu kupiga picha mezani. Yule aliyelala pale ni mzee wa watu, na daktari asiyemheshimu maiti sitaki aje kumshika mama yangu.

Wiki ya mtihani wa pini, ule wa kutaja sehemu iliyochomekwa pini kwenye maiti, usifundishe kitu kipya. Wapange wazunguke kama siku yenyewe, kila mmoja dakika moja kwa kituo, na uliza maswali matatu tu: hii ni nini, inatoka wapi, ikikatwa mgonjwa atashindwa kufanya nini. Ukionyesha neva ya redia, anayekwambia "redia" tu mpe alama moja. Anayekwambia redia ikikatwa mgonjwa hawezi kuinua kiganja, kinaning'inia tu, huyo mwache akalale.