Kwa anayehamia Ohio na watoto: vocha, shule za mkataba na hela ya Washington

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: Wizara ya Elimu ya Marekani ikifungwa watoto wako watasoma wapi, na kama ni kweli kwamba Ohio serikali inamlipia mtoto asome shule binafsi. Nakujibu kama mzazi niliyesomesha hapa Columbus. Binti yangu mkubwa aliingia darasa la saba anakisoma Kiingereza vizuri ila kukisema kunampiga chenga.

Nianze na wizara, maana ndiyo inayowatia watu presha kwenye magrupu ya WhatsApp. Sisi tumezoea hela ya elimu itoke Hazina ishuke hadi shuleni, na wizara ndiyo ipange mtaala. Huku hakuna mtaala wa taifa, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule hakuna. Wizara yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, enzi za Carter. Reagan aliyemfuata aliahidi kuifuta, akashindwa. Trump alisaini amri ya kuanza kuivunja Machi 2025, na Julai Mahakama ya Juu ikamruhusu aendelee kupunguza wafanyakazi huku kesi ikisubiri. Lakini kuifuta kabisa kunahitaji sheria ya Bunge. Na hata ingefutwa leo, shule zingefunguliwa kesho asubuhi, kwa sababu katika kila dola inayotumika shule za umma, mchango wa Washington, yaani serikali ya shirikisho, ni kama senti kumi tu, miaka mingine hata hazifiki.

Shida ni kwamba senti hizo kumi zinawaangukia watoto wa watu kama sisi. Kuna fungu la Title I, la tangu 1965 enzi za Johnson, kama dola bilioni 18 kwa mwaka kwa shule zenye watoto wengi maskini. Kuna la watoto wenye mahitaji maalumu, ambalo Bunge liliahidi kulipa asilimia 40 ya gharama ya ziada na hadi leo halijawahi kufika hapo. Kuna na la wanaojifunza Kiingereza. Julai 2025 utawala ulizuia karibu dola bilioni 6.8, zikiwemo hizo za Kiingereza na za vipindi vya baada ya masomo. Ziliachiwa mwishoni mwa mwezi baada ya hata maseneta wa chama cha rais kulalamika. Wiki zile, mwalimu msaidizi wa mwanangu mdogo hakuwa na uhakika kama Agosti atarudi kazini.

Haki ya mtoto kukaa darasani, hiyo haitegemei bajeti ya mwaka. Kesi ya Lau ya 1974 inailazimu shule imsaidie asiyejua Kiingereza, na ile ya Plyler ya 1982 inakataza shule ya umma kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Ukienda kuandikisha, watataka uthibitisho wa unapoishi, kadi ya chanjo na cheti cha kuzaliwa. Viza si kazi yao.

Sasa hela yenyewe iko wapi? Iko kwenye nyumba. Sehemu inatoka jimboni na sehemu kubwa kwenye kodi ya majengo ya wilaya ya shule husika, yaani eneo linaloendesha shule zake lenyewe. Ndiyo maana ukivuka barabara moja tu, mtaa ule ule kwa macho, unaingia wilaya nyingine yenye maabara mpya na madarasa yenye watoto wachache. Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema tangu 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba kutegemea kodi ya majengo kiasi kile kunakiuka katiba ya jimbo. Fomula zimebadilishwa, tofauti ipo. Na wilaya ikitaka kuongeza kodi lazima ipigiwe kura na wakazi. Wabongo wengi tunapanga nyumba, tunajiambia kodi ya majengo haituhusu. Mwenye nyumba wako atakukumbusha kwenye kodi ya pango.

Haya, vocha, yaani hela ya jimbo ya kumlipia mtoto ada ya shule binafsi. Inaitwa EdChoice. Zamani ilikuwa ya watoto wa shule zilizofanya vibaya na wa kipato cha chini. Tangu 2023 kila familia inaruhusiwa kuomba. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo ilikuwa dola 6,165 hadi darasa la nane na 8,407 kwa sekondari, na ukivuka kiwango fulani cha kipato inapungua. Hakimu wa hapa kaunti ya Franklin, iliko Columbus, aliamua Juni 2025 kwamba mpango huu unakiuka katiba ya jimbo, ila akaacha uendelee wakati rufaa inasikilizwa. Kwa hiyo usipange miaka minne ya sekondari ukiitegemea kama mshahara.

Wanasiasa wanasema mzazi anachagua shule. Mimi nilichokiona ni kwamba na shule inachagua mtoto. Tulipeleka maombi shule moja binafsi ya dini, safi, karibu na kazini kwa mama yake. Binti alipewa usaili na jaribio la Kiingereza, wakatuambia kwa upole kwamba hawana mwalimu wa kumsaidia lugha. Hawakuvunja sheria yoyote. Shule ya umma ya mtaani ilimchukua siku tuliyokwenda, ikampa mwalimu wa lugha, na ndiko alikomalizia. Jirani yangu Mkongo kijana wake ana vocha, anasoma vizuri na mama ana amani. Tofauti ni kwamba kijana yule amezaliwa hapa na hahitaji msaada wowote wa ziada. Kabla hujasaini uliza: ada kamili ni kiasi gani baada ya vocha, sare na michango ni juu ya nani, na basi linafika kwako? Hapa wilaya inatakiwa kusafirisha hata watoto wa shule binafsi, lakini ikisema haiwezekani inakulipa fidia kidogo, na fidia haikupeleki mtoto shule saa moja asubuhi wakati wewe umetoka zamu ya usiku.

Shule za mkataba (charter) ni nyingine: ni za umma, hazina ada, ila zinaendeshwa na bodi binafsi. Zipo nzuri sana. Ilikuwepo pia ECOT, ya mtandaoni, iliyofungwa Januari 2018 katikati ya mwaka wa masomo na kuacha kama wanafunzi 12,000 wakitafuta pa kwenda, baada ya jimbo kugundua ililipwa kwa wanafunzi ambao haikuweza kuthibitisha kwamba wanasoma. Angalia imefunguliwa lini na walimu wanakaa muda gani.

Umesema pia mtoto wako mdogo ana tatizo la kusikia. Kwake kuna vocha tofauti, ya Jon Peterson, na kiasi chake ni kikubwa zaidi. Lakini ukiipokea, wilaya haiwajibiki tena kumpa elimu inayomfaa bure chini ya sheria ya shirikisho, unabaki na makubaliano yako na shule binafsi. Mwandikishe kwanza shule ya umma, omba kwa maandishi afanyiwe tathmini, mpango wa msaada wake uandikwe, ndipo ulinganishe.