Maswali na majibu: Mkono wako na umbo la 3D

Mbona kipanya kinanitii kwenye maandishi, lakini umbo la 3D, yaani lenye urefu, upana na kina, likinijia nashindwa hata kuligeuza?

Kipanya kinatambaa mezani tu, kwa njia mbili: mbele na nyuma, kushoto na kulia. Umbo lililo hewani lina njia sita, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka. Nne zilizobaki programu inazifidia kwa vitufe vya kushikilia, na hapo ndipo unapochanganyikiwa. Mwaka 1992 Ken Shoemake, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, alieleza ujanja mzuri: chukulia umbo limo ndani ya mpira, kisha kipanya kiburute ngozi ya mpira huo, nalo umbo lizunguke pamoja nao.

Nimeunda mpini usiosogea, unaopima nguvu ya mkono. Nikiusukuma umbo linaenda, nikiuachia linarudi lilikotoka. Nimekosea wapi?

Kifaa chako hakina kosa, kosa liko kwenye hesabu. Umeifunga nguvu kwenye mahali pa umbo, kwa hiyo ili likae pembeni lazima uendelee kusukuma. Mkono gani utavumilia? Ifunge kwenye kasi: ukisukuma kidogo litambae, ukisukuma sana likimbie, ukiachia lisimame hapo hapo lilipofika. Kinachorudi chenyewe katikati, kama mpini wa springi, kiongoze kasi. Kinachokaa pale unapokiacha, kama kipanya, kiongoze mahali. Nimeona watu wakibadilisha vihisi mara tatu kabla ya kugusa mstari huo mmoja wa programu.

Halafu nguvu ndogo kabisa zihesabu kuwa sifuri. Vidole havitulii kamwe, na bila hivyo umbo litaelea polepole huku umejishika kichwa.

Vitufe vingapi vinatosha?

Vichache. Kidole kikianza kutafuta kitufe, macho yanaliacha umbo.

Si afadhali nipungie mkono hewani tu, bila meza?

Jaribu dakika kumi, bega litakujibu. Tafuta namna kiwiko kipate pa kuegemea, na weka kitufe cha kushika na kuachia, ili mtumiaji arudishe mkono bila kuliburuta umbo, kama unavyoinua kipanya kikifika ukingoni.

Mikono miwili je?

Naipenda sana, mradi kila mkono uwe na kazi yake. Mwaka 1994 mtafiti Ken Hinckley na wenzake waliwapa madaktari wa upasuaji wa ubongo kichwa cha mwanasesere chenye kihisi. Mkono mmoja unashika kichwa, mwingine unakiwekea kibao cha plastiki, na skrini inaonyesha ubongo wa mgonjwa ulivyo pale kibao kilipokata. Maelezo ya kukitumia yanaishia hapo.