Barua kwa mwanangu: upanga ni mpini

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa mama yako naye akausoma, akacheka, akanirudishia simu bila kusema kitu. Unauliza ununue upanga gani: uufanyie mazoezi huko unakojifunza upanga wa Kijapani, na usipokuwa mazoezini uje utundikwe nyumbani Bombo, Uganda, kwenye msumari wa babu yako. Umenitumia na picha mbili. Mmoja una joka kwenye bapa na bei yake ni nafuu. Wa pili hauna pambo lolote na bei yake imenitoa jasho.

Nianze na huo msumari. Wewe umeukuta ukibeba kalenda. Kabla yako palikuwa na upanga wa Kisudani, ule ulionyooka, makali pande zote mbili, chuma cha kukinga mkono kimekatiza kama msalaba, ala ya ngozi iliyotanuka karibu na ncha. Tulivyosimuliwa, ulikuja na wazee wetu Wanubi waliokuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, wale waliochukuliwa na Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891 akawaleta Uganda. Babu yako alishikilia kwamba bapa lake lilitoka Solingen, Ujerumani. Siwezi kumkatalia, maana mapanga mengi ya Sudan yalikuwa na bapa za Ulaya, mpini na ala vikatengenezwa hukohuko Sudan. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa nasi tukakimbia, hapakuwa na mtu wa kufikiria ukuta. Tuliporudi tuliukuta msumari.

Sasa harusi ya baba yako mdogo unaijua, lakini umeisikia kwake, na yeye huisimulia apendavyo. Alitaka kutoka kama bwana harusi wa Omdurman, upanga mkononi. Akaenda mjini, akanunua mmoja dukani, unameremeta mpaka unaona meno yako ndani yake. Ngoma yetu ya doluka ilipokolea, kina mama na nguo zao za gurbaba wamejipanga, akaunyanyua akautikisa. Mara ya kwanza salama. Mara ya pili mkono ulibaki na mpini mtupu. Bapa liliruka juu ya vichwa vya watu likaenda kuchoma shina la mwembe, karibu kabisa na shangazi yako mkubwa. Ngoma ikakatika. Halafu mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, hata bibi harusi.

Babu yako hakucheka. Aliomba apewe ule mpini, akauweka juu ya gogo, akaupasua kwa shoka la kuni. Ndani kulikuwa na kinondo chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, mwishoni kina uzi wa bolti, kimechomelewa kwenye shingo ya bapa kwa vidoa viwili vya weldi. Vyote viwili vimeachia. Akasema, “Huu wa picha,” akaingia ndani. Mimi wakati huo nilikuwa Katwe, Kampala, kazi yangu springi za malori, kuchoma na kuchomelea kutwa, na ndugu yangu alinunua chuma bila kuniuliza. Watu hucheka habari ya mwembe. Mimi linaloniuma ni hilo la kutoulizwa.

Wewe umeuliza. Basi nakwambia nilichomwambia yeye baadaye, na ninachowaambia wote: upanga ni mpini. Joka usilitazame, mng'ao usiutazame. Tazama mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini: uwe mpana, uwe kipande kimoja na bapa lenyewe, usiwe umeungwa. Wajapani wako wanalijua hili kuliko sisi. Fundi wao akiweka jina lake hulikata kwenye mkia, mahali panapofunikwa na mpini. Mpini wenyewe unashikwa na kijiti cha mwanzi kinachoitwa mekugi. Ukikigonga kikatoka, mpini unachomoka na mkia wote uko mbele yako. Kijiti hicho ukikague kila kabla ya mazoezi, maana huliwa taratibu, na siku kikikatika utamfanyia mwenzako yale ya mwembe.

Hapo naanza kubishana na nafsi yangu, kwa sababu mpini mzuri kwenye bapa baya nao ni hasara. Muuzaji wa ule wa joka ameandika kwamba haushiki kutu. Chuma hicho kwa kisu cha jikoni sina neno nacho. Ukikifanya kirefu kama upanga, ukakitikisa kwa nguvu au ukakigonga, kinaweza kukatika ghafla, hakikupi taarifa. Chuma cha upanga kinatakiwa kipinde kidogo kisha kirudi. Ukiona muuzaji ameandika 1060, hiyo ni namba ya aina ya chuma, na zile tarakimu mbili za mwisho ni kaboni, asilimia 0.60. Ukiona 5160, hicho ni chuma cha springi, cha ukoo uleule wa springi za lori nilizozifua miaka yote ile. Na uzito uulize. Upanga wa kweli wa vita, wa mkono mmoja, kwa kawaida haufiki kilo moja na nusu. Mingi ya ukutani ni mizito kwa sababu aliyeitengeneza hakujisumbua kulipunguza bapa unene kuelekea nchani.

Ule wa pili ni zinki na alumini. Nilipoliona hilo nilitaka kutukana, nikajizuia, nikauliza. Kumbe Japani kwenyewe wanafunzi wengi wanautumia: haunoleki ukashika makali, kazi yake ni kuchomoa, kukata hewa na kurudisha alani. Kwa hilo ni halali kabisa. Usiugonganishe tu na mwingine. Kwa kugongana mna ya mbao. Lakini je, huo ndio wa kuning'inia mahali pa upanga wa babu yako? Hapo mdomo unaniwasha. Mama yako anasema hilo ni lako na la ukuta, nisiingilie. Haya.

Mama yako pia alisema, “Si umfulie mwenyewe?” Nilikesha nikilifikiria. Springi ninayo, nyundo ninayo. Kulichoma bapa nalijua, kulizamisha kwenye oili nalijua, kulirudisha kwenye moto mdogo mpaka lishike rangi ya buluu, pale kwenye digrii mia tatu hivi, nalijua. Ila panga la shamba ni fupi, linakusamehe. Bapa refu jembamba ukilizamisha linapinda, na kulinyoosha bila kulivunja kunataka macho ambayo siku hizi yanavaa miwani. Na hata nikilinyoosha, litakuwa la kwangu, halitakuwa la Solingen. Tena nani amesema lazima liwe la Solingen? Babu yako mwenyewe alipenda kazi ya fundi kuliko cheti cha fundi. Basi, tuliache hilo, nitakujibu siku nyingine.

Wowote utakaokuja nao, ukiwa wa chuma usiuache ndani ya ala ya ngozi mwezi kwa mwezi. Ngozi inavuta unyevu, bapa linaota kutu upande usiouona. Ufute jasho la vidole, upake mafuta kidogo. Wajapani huyatia karafuu mafuta yao, na karafuu mama yako hakosi.

Kuhusu ule wa joka ninalo neno, nalimeza. Wewe mwambie muuzaji autoe mpini, apige picha ya mkia wote, kutoka shingoni mpaka mwisho. Akisema hautoki, gundi, sijui nini na nini, mshukuru, usitume hela. Akikubali, nitumie picha yenyewe, usinisimulie. Hata ikiwa usiku tuma tu.

Baba yako