Uliza Ujibiwe: Mimba Kando ya Shamba la Tumbaku

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninaishi kijijini wilayani Urambo, mkoani Tabora, nina watoto wawili na sasa nina mimba ya miezi minne. Mume wangu analima tumbaku, na shamba linaanzia hatua chache tu nyuma ya nyumba. Bomba la kupulizia na chupa za dawa anazokopeshwa kupitia chama cha msingi tunaviweka chini ya kitanda kwa kuhofia wezi. Dawa inayobaki huipuliza kwenye mchicha na nyanya za bustani yetu, na mahindi ya chakula tumeyachanganya na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi. Kliniki niliambiwa nile mboga za majani kwa wingi ili niongeze damu, lakini wifi yangu anasema mboga zenye dawa zitamdhuru mtoto, niziache kabisa. Tena kila nikitoka kuchuma tumbaku natapika usiku kucha. Je, ni mimba au ni dawa? Nimsikilize nani?
Mama Kijacho, Urambo

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa ujauzito. Nianze na huko kutapika, kwa sababu huenda chanzo chake si mimba wala si dawa, bali ni jani lenyewe. Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na likiwa na umande au maji ya mvua nikotini hiyo huyeyuka na kupenya kwenye ngozi ya mikono na mapaja ya mchumaji, hasa nguo zikishalowa. Baada ya saa chache huja kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa, na hali hiyo hutulia ndani ya siku moja au mbili. Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida huanza kupungua baada ya mwezi wa tatu, nacho hakichagui siku za kuchuma; wako wewe unafuata shamba. Kwa kuwa nikotini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na huhusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, ushauri wangu ni kwamba uache kuchuma na kukata machipukizi kuanzia sasa, na uache pia kazi ya kuchambua majani makavu ndani ya chumba kilichofungwa. Najua msimu hausubiri na mikono ni michache, lakini kazi hii haifai kwa mjamzito hata akivaa glavu. Ukifika kliniki mweleze mkunga habari ya kutapika huku, maana mjamzito anayetapika usiku kucha anahitaji kupimwa, chanzo kiwe nini.

Sasa tuje kwenye dawa. Wifi yako hakukosea kuwa na wasiwasi. Amekosea tu mahali pa kuuelekeza. Dawa nyingi za kuua wadudu, zikiwemo za kundi la oganofosfeti, hufanya kazi kwa kuvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu ya mdudu, na mishipa ya binadamu hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa, hana bado kimeng'enya cha kutosha cha kuzivunja sumu hizo. Huko Salinas, California, eneo la mashamba makubwa ya mboga, watafiti waliwafuatilia wanawake kuanzia ujauzito, na mwaka 2011 walieleza kwamba watoto wa mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi ya oganofosfeti katika mkojo walipata, walipofikia umri wa miaka 7, alama za chini zaidi katika vipimo vya akili. Utafiti mwingine wa California, uliotolewa mwaka 2014, ulihusisha kuishi kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka mashamba yaliyopuliziwa dawa hizo wakati wa ujauzito na ongezeko la usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano ya mtoto na wenzake. Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano, hazithibitishi kwamba mtoto fulani alidhurika kwa dawa fulani, na wanawake wengi waliokuwa katika mazingira hayo walizaa watoto wasio na tatizo lolote. Usikose usingizi kwa miezi minne iliyopita. Tazama mitano iliyobaki.

Katika barua yako yote, kilichonishtua zaidi ni kitanda. Chupa hata ikiwa imefungwa huvuja mvuke kidogo kidogo, bomba hudondosha, na wewe unalala juu yake kwa muda wa saa nane kila usiku pamoja na watoto wanaotambaa na kuchezea vitu. Vifaa hivyo vihamishwe leo, viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko na ghala. Mwizi atazuiwa na kufuli. Mumeo asipulize upepo ukielekea nyumbani, na siku ya kupuliza wewe na watoto muwe upande unakotoka upepo, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, vyombo vya chakula na maji vikiwa vimefunikwa. Akimaliza, avue nguo nje, aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo azifue mwenyewe, bila kuzichanganya na za familia. Najua kwetu mwanamume kufua ni jambo la kuchekwa kisimani. Acheni wacheke, ila maji ya kufulia na ya kuoshea bomba yasimwagwe karibu na kisima hicho.

Kuhusu mboga, endelea kuzila, kwa maana upungufu wa damu katika ujauzito ni hatari iliyo wazi kwako na kwa mtoto, na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki usiviache. Kinachotakiwa kukoma ni kupuliza dawa ya tumbaku kwenye bustani. Kibandiko cha dawa hiyo kimeandikwa kwa ajili ya tumbaku, hivyo hakikwambii usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma mchicha, ambao wewe unauchuma kila baada ya siku chache. Tena baadhi ya dawa hizo, kama imidaklopridi, hufyonzwa na mmea na kusambaa ndani ya majani, kwa hiyo hata ukiosha mara kumi hutaitoa. Mboga zilizokwisha kupuliziwa ni bora zing'olewe na kufukiwa, kisha panda nyingine mpya, na wadudu uwatoe kwa mkono. Kwa sasa tumia kisamvu, matembele au mlenda wa mahali pasipopuliziwa. Za sokoni zioshe kwa maji yanayotiririka. Magadi ya kuokea (baking soda), kiasi cha gramu 10 kwa lita moja, yamepatikana kusaidia kwenye tufaha zilizolowekwa dakika 12 hadi 15, lakini huondoa yaliyo juu ya ganda tu.

Mahindi yana historia yake hapa kwetu, kwani ni mkoani Tabora ambako dumuzi aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hofu ya mdudu huyo ndiyo iliyotuzoesha kumwaga dawa bila kupima. Fuata kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti, pepeta na uoshe kabla ya kusaga. Mabaki ya dawa hukaa zaidi kwenye pumba, kwa hiyo mahindi hayo yakoboe badala ya kusaga dona. Msimu ujao jaribuni mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humwua mdudu kwa kumkosesha pumzi. Vidonge vinavyotoa gesi visiingizwe kamwe katika nyumba ya kulala, kwa kuwa gesi yake huua familia nzima usiku mmoja.

Mtu yeyote nyumbani akianza kutokwa jasho na mate mengi, kuona ukungu, kutetemeka au kuhema kwa shida baada ya kushika dawa, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenye kibandiko, ili mganga ajue ni dawa gani. Msimpe maziwa wala kumtapisha.