Si filamu zote za vita za Japani zinazomsafisha Tojo
Je, filamu za vita za Japani zote humsafisha Hideki Tojo, aliyekuwa waziri mkuu wa Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia? Hapana, si zote. Inayomtetea waziwazi ni Pride ya 1998: nimeitazama, inamweka kizimbani Tokyo, kwenye kesi ya uhalifu wa kivita baada ya vita, kama mzalendo aliyeonewa, jambo linaloumiza ukikumbuka waliouawa na jeshi la Japani huko China. Nyingine hukwepa kwa kuwatupia lawama maofisa wakorofi wa jeshi la nchi kavu, huku Mfalme Hirohito akibaki pembeni. Katika Japan's Longest Day ya 1967 hata uso wake hauonyeshwi wazi. Ila tafuta filamu ya hali halisi ya Kazuo Hara ya 1987, The Emperor's Naked Army Marches On. Humo askari wa zamani aliyepigana New Guinea anamtwika Hirohito mwenyewe lawama, bila kumung'unya maneno.