Kona ya Mafundi: Kisu cha Umbo na Mashine Inayolia

Shikamoo mzee. Niko Mafinga, nakereza puli za mashine za kusaga na za misumeno ya mbao. Nilinoa kisu cha V cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia vyuma) ili mfereji wa mkanda wa B, saizi mojawapo ya mikanda ya V, niumalize mara moja, ila nikikiingiza tu mashine inalia, inatetemeka mpaka madirisha, mfereji unatoka na mawimbi. Na mteja mmoja karudisha puli anasema mkanda unateleza. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Hapo una makosa mawili na hayahusiani, tuanze na hilo la kulia. Mkanda wa B upana wake juu ni milimita 17, sasa kisu kinachokula pande zote mbili kwa mkupuo lazima mashine itetemeke, hizi mashine zetu nyingi ni za zamani na slaidi zimeshalegea. Kisu cha umbo, yani kilichonolewa kwa umbo la mfereji wenyewe kama hicho chako, kazi yake ni kumalizia. Toa nyama kwanza kwa kisu chembamba cha kukatia, cha milimita 3 hivi, shuka katikati mpaka karibu na kina unachotaka, halafu panua ngazi kwa ngazi kushoto na kulia ubakize kama nusu milimita kila upande, ndo uje na hiyo V yako isafishe tu. Spidi nayo shusha sana, yani nusu ya ile unayokerezea kawaida au chini ya hapo. Puli ya kipenyo cha milimita 120 mi naipeleka mizunguko 30 hivi kwa dakika, kama mashine yako ina gia za nyuma zitumie, usione aibu kwenda polepole. Kisu kisichomoze nje sana, kiwe kwenye senta kamili, yani kimo sawa na katikati ya puli inayozunguka, na uso wake wa juu uwe bapa kabisa bila mwinamo, maana ukiuinamisha umbo linalotoka kwenye chuma sio tena lile ulilonoa. Na kwa baridi ya huko kwenu mwezi wa 6, asubuhi acha mashine izunguke tupu kidogo mafuta yafike kwenye beringi kwanza.

Sasa la kuteleza. Nina wasiwasi ulipima pembe ya mkanda ukiwa umenyooka ukapata digrii 40 na ukanoa kisu cha 40. Wengi wanafanya hivyo na inaniuma kila nikiona, kwa sababu puli inaonekana nzuri tu kwa macho. Mkanda ukikunja kuzunguka puli ndogo, sehemu ya ndani inabanwa inatanuka, ya juu inavutwa inasinyaa, kwa hiyo pembe yake inapungua. Ndo maana mfereji wa B kwenye puli ya mpaka milimita 190 unakatwa digrii 34, na puli kubwa zaidi ya hapo digrii 38. Ukikata 40 mkanda unagusa sehemu ndogo tu badala ya ubavu mzima. Halafu hakikisha haukai chini kwenye sakafu ya mfereji, mkanda wa V unashika kwa mbavu, ukigusa chini umeshakuwa mkanda bapa. Kata kipimo cha bati cha digrii 34, weka kwenye mfereji uangalie mwanga upande wa pili, mwanga ukipita ujue kisu kirudi kwenye jiwe.

Fundi habari, mimi ni dada niliyemaliza ufundi mitambo, nafanya kazi Vwawa. Gia ya mashine ya kumenyea kahawa imevunjika meno matatu, ina meno 32. Mashine ya milingi tunayo na divaidingi hedi (kifaa cha kugawa mzunguko sawasawa) ipo ila kata za gia, yani visu vya kuzunguka vya kuchongea meno, hatuna. Nifanyeje na msimu ndo huu?

Nzuri dada, na hongera. Usiagize kata, tengeneza ya jino moja. Pima kipenyo cha nje kwa venia, kisha chukua idadi ya meno ujumlishe mawili, ugawanye kipenyo kwa jumla hiyo. Tuseme umepata 102, gawa kwa 34 unapata moduli 3, moduli ndo kipimo cha ukubwa wa jino, na kina cha jino ni moduli mara 2.25, yani milimita 6.75. Chukua kipande cha haispidi, kinoe mpaka kiingie sawasawa kwenye mwanya wa meno mazima ya gia hiyohiyo, kisha kifunge kwenye shafti uliyoitoboa pembeni. Tafadhali usinakili mwanya wa ile gia ndogo inayoshikana nayo, umbo la jino linabadilika kadiri idadi ya meno inavyobadilika, ndo maana seti ya kata za gia ina kata 8 kwa moduli moja, na meno yako 32 yanaangukia kwenye kata ya gia za meno 26 mpaka 34. Divaidingi hedi nyingi ni 40 kwa 1, yani mpini ukizunguka mara 40 gia inazunguka mara moja, kwa hiyo kila jino unazungusha mpini mara moja na robo, kwenye duara la mashimo 16 la sahani yake ni mzunguko mmoja na mashimo 4. Zungusha upande mmoja tu, usirudi nyuma. Ni kazi ya siku nzima maana jino moja linakata polepole, ila gia inatoka.

Naweza kutengeneza kata kwa tupa iliyokufa na kuichoma kwa mkaa? (Uyole)

Tupa ndiyo, haispidi hapana, ile inataka joto la digrii 1,200 hivi. Tupa ichome iwe nyekundu na uiache ipoe kwenye majivu, itakuwa laini, ichonge umbo lako pamoja na mwanya wa nyuma ya makali, ichome tena mpaka sumaku isishike na kidogo zaidi ya hapo, izamishe kwenye maji ya uvuguvugu. Hapo ni ngumu ila inavunjika kama glasi, kwa hiyo isafishe ing'ae, ipashe taratibu, ikifika rangi ya manjano ya majani makavu izamishe tena. Wakati wa kunoa ikigeuka bluu makali yamekufa, chovya kwenye maji mara kwa mara.